Taa ya korido iliyoacha kumsikia mama

"Ile taa yako siku hizi hainijui," mama aliniambia kwenye simu, hata kabla hatujamaliza kujuliana hali.

Goti la mama lina miaka kadhaa sasa linamsumbua, na safari ya kwenda msalani usiku ndiyo ninayoihofia kuliko zote. Kwa hiyo nilimwekea sensa ya mwendo chini ya kitanda na balbu ya waifai koridoni. Akishusha mguu tu, taa inawaka. Miezi mitatu haikukosa hata mara moja. Kisha ikaanza kugoma, leo inawaka, kesho haiwaki, mpaka akarudia kupapasa ukuta gizani. Ijumaa jioni nikapanda basi la Tanga.

Kosa langu la kwanza nilikwisha kulifanya nikiwa Dar es Salaam. Niliifuta balbu kwenye programu ya simu na kumwelekeza mama aiunganishe upya, na wengi wetu ndiko tunakokimbilia. Ukikifuta kifaa, umefuta na ushahidi. Kikikubali hujui kimeponaje, na kikigoma tena wiki ijayo unaanza upya kubahatisha. Safari hii niliamua kuifuata njia ya amri yenyewe: inatoka wapi, inapita kwa nani, inaishia wapi.

Nilianzia ukutani. Binti anayeishi na mama huzima swichi zote kabla ya kulala, kama alivyofundishwa tangu utotoni, ili uniti za LUKU zisiishe haraka. Hana kosa. Lakini balbu ya namna hii huhitaji umeme saa zote ili isikie inapoitwa. Swichi ikizimwa, imekufa. Nilikaa naye nikamweleza, tukabandika karatasi juu ya swichi ile moja. Hilo peke yake lilieleza usiku mwingi wa giza.

Lakini si wote. Umeme ukikatika kisha ukarudi, balbu huamka kwa sekunde chache, ilhali ruta huweza kuchukua dakika mbili kabla ya kusimama sawasawa. Balbu inaita, haijibiwi, na baadhi huchoka kuita. La pili ni baya zaidi. Balbu nyingi za waifai zimetengenezwa hivi: ukiziwasha na kuzizima haraka mara tatu au tano, zinaelewa unataka zisahau mtandao wa zamani. Sasa fikiria umeme wetu unapocheza, unakuja na kuondoka mara tatu ndani ya dakika moja. Ukiikuta balbu inakonyeza na hakuna aliyeigusa, kuna uwezekano mkubwa imesahau nyumbani kwake. Ruta nimeinunulia betri ndogo ya akiba, hivyo haizimiki tena umeme ukikatika. Kwa balbu yenyewe sikuwa na dawa ila kuibadilisha, na nitafika huko.

Kisha mawimbi. Ruta ilikuwa imefichwa nyuma ya televisheni sebuleni, na kati yake na korido kuna kuta mbili za bloku na jokofu. Karibu balbu zote za waifai husikia gigahezi 2.4 tu, na simu nyingi hupendelea 5. Kwa hiyo simu kushika mtandao vizuri mahali si ushahidi kwamba balbu nayo inasikia hapo. Ukurasa wa mipangilio ya ruta ulionyesha nguvu ya mawimbi ya balbu kuwa -81. Namba hizi huandikwa kwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Mimi ikishuka chini ya -70 siiamini. Nikaihamishia ruta juu ya kabati karibu na mlango wa korido, ikasoma -58. Majirani wote walijazana chaneli ya 6. Nikaihamishia yetu kwenye 11, kwa sababu 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana.

Hapo ningeweza kurudi Dar es Salaam. Lakini nilifanya jaribio moja zaidi, na ningemshauri kila mwenye vifaa hivi alifanye leo. Niliiacha ruta inawaka, nikachomoa waya unaoleta intaneti kutoka nje. Nikapitisha mkono mbele ya sensa. Kimya.

Kutoka kitandani kwa mama hadi taa ya korido ni mita nne. Amri ilikuwa inatoka nje ya nyumba, inakwenda kwenye seva ya kampuni ng'ambo, kisha inarudi kuwasha taa. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti iliyumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. Mama yangu anahusikaje na waya uliokatika baharini? Na kampuni nayo hufunga. Aprili 2022 huko Marekani, Insteon ilizima seva zake bila kuwataarifu wateja, na simu zao zikaacha kuamrisha taa zao wenyewe. Mtu anayemwekea mzazi wake kifaa cha usalama hana budi kuuliza swali hili dukani kabla ya bei: intaneti ikikatika, kinafanya kazi? Matter, kanuni ya pamoja iliyotolewa Oktoba 2022, imejengwa ili vifaa vizungumze humo humo ndani ya nyumba, kwa hiyo itafute alama yake kwenye boksi.

Mimi nilitumia kompyuta ndogo niliyokuwa nayo, nikaipakia Home Assistant, programu ya bure ya kuamrisha vifaa humo humo nyumbani, aliyoianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013. Sensa na balbu nikabadilisha, nikachukua za Zigbee, zisizopitia waifai kabisa. Kipokezi cha Zigbee nilikiweka kwenye waya mrefu, mbali na kompyuta, kwa kuwa tundu za USB 3.0 huvuruga mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo Zigbee nayo huyatumia. Na kando ya kitanda nimeweka taa ya kawaida ya kubonyeza kwa mkono, isiyotegemea chochote kati ya hivi.

Jumamosi usiku nilizima taa zote, nikachomoa tena waya wa nje, nikamwomba mama ashushe mguu. Korido ikawaka.

"Umelipia bando?" akaniuliza.

Nikamwonyesha waya mkononi.