Mwaka wa kwanza chuoni: unapotaka kumaliza mapema ili urudi nyumbani

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Kasulu alitutumia ujumbe wa sauti kwenye simu ya studio. Binti yake alianza chuo mjini Dodoma, anasomea maendeleo ya jamii. Familia ilipanga asome miaka 3 hadi apate diploma. Sasa, hata mtihani wa kwanza haujafika, binti anapiga simu kila usiku akilia. Na amekuja na hesabu mpya: amalize mwaka huu mmoja, achukue cheti cha awali, arudi nyumbani.

"Jamani watangazaji, nimkubalie au nimlazimishe?" mama aliuliza.

Tulipoucheza ujumbe huo hewani, simu ziliita mfululizo. Wengine walisema mtoto arudi, chakula kipo. Wengine walisema vijana wa siku hizi wamedekezwa. Sisi tunaona pande zote mbili zimeharakisha, na ndiyo maana tumeandika makala hii.

Kukumbuka nyumbani si kudeka

Hali hii ni ya zamani na imewapata watu wagumu. Mwaka 1688 daktari mmoja wa Uswisi, Johannes Hofer, aliandika tasnifu nzima kuhusu watu walioumwa kwa sababu ya kuwa mbali na kwao. Kwa muda mrefu baada ya hapo madaktari wa Ulaya waliiona kuwa ugonjwa wa askari waliopelekwa nchi za mbali. Leo hauhesabiwi kuwa ugonjwa, lakini maumivu yake ni ya kweli: usingizi hauji, chakula hakipiti, masomo hayaingii kichwani.

Mara nyingi anachokikosa kijana ni vitu vidogo kuliko tunavyodhani. Mtoto wa Kasulu amezoea maharage ya mawese na mgebuka siku zikiwa nzuri. Dodoma anakuta mafuta ya alizeti. Kwao mvua imeshaanza na watu wako shambani. Kule bado ni jua, upepo na vumbi. Bwenini hakuna anayemwamkia kwa Kiha. Nyumbani alikuwa mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani. Chuoni ni namba ya usajili.

Maumivu haya huja na kupoa, kisha hurudi. Huwa makali zaidi usiku, siku za Jumapili, mtu akiumwa, na akiwa hana la kufanya. Kwa wengi hupungua kadiri wanavyozoea mahali na kupata watu.

Swali moja la kujiuliza

Moyo unaouma hutafuta mlango wa kutokea. Kusema "nimeshindwa, narudi" ni aibu, lakini kusema "nimeamua kumaliza mapema" kunasikika kama mpango. Huenda kweli ni mpango, na huenda ni machozi tu. Utajuaje?

Mwanafunzi ajiulize hivi: kama kesho chuo hiki kingehamishiwa kijijini kwetu, na walimu wake na masomo yake yote, ningependa kusoma miaka mingapi?

Ukijibu "yote," basi kozi haina tatizo. Kinachokusumbua ni umbali, na umbali huzoeleka. Ukijibu "hata hapo nisingependa," basi kuna jambo jingine: kozi uliyochaguliwa na wengine, ada isiyotosha, mtu anayekusumbua chuoni, au mgonjwa nyumbani anayekuhitaji. Hilo litaje kwa jina lake, maana kila moja lina dawa yake.

Milango iliyopo kweli

Katika vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET, masomo hupanda kwa ngazi. Ngazi ya 4 ni cheti cha awali, ya 5 ni cheti, na ya 6 ni diploma. Kwa hiyo katika kozi nyingi mtu anaweza kuishia ngazi ya chini akiwa na karatasi mkononi, na baadaye akaomba kuendelea. Lakini aangalie kwanza matangazo ya kazi za fani yake yanataka ngazi gani. Na asisahau kwamba kurudi darasani baadaye, ukiwa na familia au shamba la kulisha watu, kunahitaji nguvu kuliko kuendelea sasa.

Chuo kikuu ni tofauti. Shahada nyingi za kwanza hapa nchini ni za miaka 3, uhandisi ni 4 na udaktari wa binadamu ni 5. Masomo yamepangwa kwa mihula, na si rahisi kuyabana yaishe mapema. Anayejaza masomo ili akimbilie nyumbani anaweza kuishia kwenye sapu, akachelewa zaidi.

Upo pia mlango wa kuahirisha masomo. Mwenye sababu nzito, kama ugonjwa, huomba kwa barua, na akikubaliwa nafasi yake hutunzwa. Kila chuo kina masharti yake, hivyo uliza ofisi ya taaluma. Usifungashe begi usiku na kupanda basi bila kuaga. Ukikosa vipindi na mitihani bila ruhusa, unaweza kufutwa chuo, na hiyo siyo kumaliza mapema.

Kabla ya likizo ya kwanza

Ushauri wetu kwa mwanafunzi ni mmoja: uamuzi huu usiufanye katika muhula wa kwanza. Uandike kwenye daftari, ulifunge, ulifungue baada ya likizo. Wakati huo fanya haya:

1. Panga siku za kupiga simu, kwa mfano Jumatano na Jumapili saa 10 jioni. Kupiga kila usiku saa 5, ukiwa umechoka, huongeza kilio na kumaliza kifurushi.

2. Tafuta watu wawili, usitafute ishirini. Mmoja awe wa kwenu, wa kuzungumza naye lugha ya nyumbani. Mwingine awe mgeni kabisa, maana ukikaa na wa kwenu tu, chuo hakitakuwa chako.

3. Jiunge na kitu chenye ratiba: kwaya, madrasa, timu ya mpira, kikundi cha kujisomea. Siku ambayo hukuonekana, mtu atauliza uko wapi.

4. Leta ladha ya nyumbani. Chupa ndogo ya mawese iliyofungwa vizuri husafiri na basi bila shida. Pika siku ya mapumziko na uwakaribishe wenzako.

5. Usilale mchana kutwa, na usishinde njaa ili kubana bumu au hela uliyotumiwa. Njaa na upweke vikikutana, kila kitu huonekana kibaya.

Kwa mzazi aliye nyumbani

Mzazi, kuna kauli mbili za kuepuka. Ya kwanza ni "rudi tu mwanangu," kwa sababu utakuwa umemwamulia usiku mmoja jambo la miaka mingi. Ya pili ni "usituaibishe, tumeuza ng'ombe kwa ajili yako." Akishaisikia hiyo hatakwambia tena anapoumia, na siku atakapokuwa kwenye hatari kweli hutajua.

Mwache aseme, kisha umuulize: leo umekula nini? Umekaa na nani? Kesho una kipindi gani? Maswali hayo humrudisha pale alipo. Habari za nyumbani mpe, lakini usimpelekee kila ugomvi wa ukoo, wala usimfiche msiba. Akigundua ulimficha, kila siku atakuwa na wasiwasi kwamba kuna jingine.

Wakati wa kutafuta msaada

Ikipita wiki mbili halali, hali vizuri, haingii darasani, amejitenga na watu, au ameanza kuzidisha pombe, aende kwa mshauri wa wanafunzi, matroni au patroni, au zahanati ya chuo. Akisema amechoka kuishi, usisubiri hata siku moja. Asiachwe peke yake, na mpigie simu mtu aliye karibu naye amfikishe hospitali. Kusema hivyo si utani wala si utoto.

Yule mama wa Kasulu alitupigia tena juzi. Alimuuliza binti yake lile swali la chuo kuhamia kijijini. Anasema simu ilikaa kimya mpaka akadhani imekatika. Kisha binti akajibu, "Mama, ningesoma yote." Wamekubaliana wasiliongelee tena jambo hilo mpaka likizo. Mama amefunga chupa ya mawese, na anatafuta mtu anayesafiri kwenda Dodoma.