Mweka Hazina Akiwa "Mteja"

Hebu fikirini jambo hili. Ni saa tano usiku. Mama mmoja wa kikundi ameshikwa na uchungu na ni lazima afikishwe hospitali. Gari limepatikana, lakini dereva anataka pesa za mafuta kwanza. Pesa za dharura ziko kwenye M-Pesa, kwa laini inayoshikwa na mweka hazina. Anapigiwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ni mteja! Si kwamba amezima simu. Nyumba yake iko bondeni na laini yake haishiki netiwaki huko. Kumbe laini ya jirani yake, ya kampuni nyingine, inashika vizuri kabisa.

Kwa nini laini moja ishike na nyingine ikatae?

Simu huongea na mnara ulio karibu, ule tunaouita busta. Kadi ya laini ndiyo inayoiambia simu itumie mnara wa kampuni gani. Kwa kawaida simu haitatumia busta ya kampuni nyingine, hata kama iko kilimani mbele ya macho yenu.

Marekani walijaribu hivi

Mwaka wa 2015 kampuni ya Google ilianzisha huko Marekani huduma iliyoitwa Project Fi. Google haikuwa na minara yake. Ilifanya kama mwenye duka anayenunua sukari kwa gunia na kuiuza kwa kilo: ilinunua nafasi kwenye mitandao ya kampuni mbili, Sprint na T-Mobile, ikawauzia watu. Mwenye simu alikuwa na laini moja na nambari moja. Simu yenyewe ilipima ni mtandao gani ulio bora pale alipo, ikahamia huko bila yeye kubonyeza kitu. Mwaka wa 2016 kampuni ya tatu, U.S. Cellular, iliongezwa.

Huduma hiyo ilikuwa na mipaka yake. Mwanzoni ilifanya kazi kwa simu ya aina moja tu, Nexus 6. Halafu mwaka wa 2020 Sprint na T-Mobile ziliungana zikawa kampuni moja. Hapo kuna funzo kwetu: kuhama kuna faida tu kama kuna mtandao mwingine wa kuhamia.

Sisi tufanyeje?

Wengi wetu tunafanya kazi hiyo kwa mkono: tunatumia simu ya laini mbili. Lakini msinunue laini ya pili kwa kusikia tu ati ni nzuri. Jaribuni kwanza, hivi:

1. Andikeni kwenye daftari mahali penu muhimu: nyumba za maofisa wa kikundi, kisima, soko, zahanati, na mahali mnapokutania.
2. Azimeni laini za kampuni mbalimbali kutoka kwa wanachama. Wekeni krediti kidogo kwa kila moja.
3. Kila mahali, kwa kila laini, pigeni simu, mpigiwe, na mtume ujumbe. Msitegemee ile mistari ya netiwaki peke yake. Inaweza kujaa na simu isipite, kwa sababu watu ni wengi kwenye busta hiyo.
4. Rudieni asubuhi na jioni. Wekeni alama ya ndiyo au la.
5. Leteni daftari mkutanoni.

Sasa angalieni: ni laini gani mbili ambazo moja inashika pale nyingine inapokataa? Hizo ndizo za kuchagua. Laini mbili zinazokataa mahali pamoja ni kama kubeba miavuli miwili yenye matundu. Tena, jina tofauti si lazima liwe mtandao tofauti. Kwa mfano, Equitel hutumia mtandao wa Airtel.

Mambo ya kukumbuka

Laini ya pili haitoi pesa zilizo kwenye laini ya kwanza. Ikiwa M-Pesa ya kikundi iko kwenye laini isiyoshika bondeni, laini ya pili itamwezesha mweka hazina kupokea habari, lakini kwa kawaida itambidi aende pale laini ya M-Pesa inaposhika ndipo atume. Daftari lenu litawaonyesha mahali hapo pa karibu zaidi. Tangu 2018 pia imewezekana kutuma pesa moja kwa moja kati ya M-Pesa na Airtel Money. Ulizeni gharama kabla hamjatuma.

Simu nyingi za laini mbili, ukiongea kwa laini moja, ile nyingine haipatikani. Kwa hivyo asipopatikana kwa nambari moja, jaribuni ya pili, halafu ngojeni kidogo mrudie. Na mahali netiwaki ni hafifu, simu hutafuta busta bila kukoma na betri huisha haraka. Chajini mapema.

Kila laini isajiliwe kwa kitambulisho cha mwenyewe anayeitumia. Nambari ya siri haiandikwi kwenye daftari hilo.

Mwisho, simu zimetengenezwa ziweze kupiga nambari ya dharura 112 kupitia mnara wowote zinaoupata, hata wa kampuni nyingine. Ni msaada mzuri, lakini 112 haitamwamsha mweka hazina wenu.

Jadilianeni kikundini

- Ni maofisa gani wetu hawapatikani usiku, na kwa nini?
- Nambari zote mbili za kila ofisa zimeandikwa wapi, na nani anazo?
- Mweka hazina asipopatikana kabisa, ni nani aliyeruhusiwa kutoa pesa za dharura?

Swali la mwisho haliwezi kujibiwa na simu yoyote. Lijibuni mchana, mkiwa mmeketi pamoja, kabla ya saa tano usiku kufika.