Philipp Lahm: Beki Aliyekaba kwa Kuwahi

Dakika ya 86 ya nusu fainali ya Euro 2008 mjini Basel, Sabri Sarıoğlu wa Uturuki alimpita Philipp Lahm ubavuni, akatia krosi, na Semih Şentürk akasawazisha: 2-2. Beki alikuwa amepitwa kweupe. Dakika nne baadaye akapanda na mpira yeye mwenyewe, akagongeana pasi na Thomas Hitzlsperger, akaingia kwenye boksi na kuupiga nyavuni. Ujerumani ikaenda fainali kwa 3-2.

Huko Vienna, tarehe 29 Juni, mambo yaligeuka. Xavi alipenyeza mpira nyuma ya mabeki. Lahm alikuwa mbele ya Fernando Torres, lakini kipa wake, Jens Lehmann, alikuwa anatoka golini, naye Lahm akapunguza mwendo kidogo ili amwachie. Torres hakupunguza. Akamzunguka kwa nje, akaunyanyua mpira juu ya Lehmann, na Hispania ikatwaa kombe kwa bao hilo moja.

Nimeanza na makosa kwa makusudi, maana ndiyo yanayoonyesha ukabaji wa Lahm ulisimama juu ya nini. Mzaliwa huyu wa Munich, wa Novemba 1983, alikuwa na kimo cha sentimita 170. Katika mabeki wa Ulaya, hapo huhesabiwi hata kidogo mpira wa kona unapopigwa. Hakuwa na kifua cha kusukumana na washambuliaji wala miguu mirefu ya kumfikia winga aliyekwisha kumpita. Silaha yake ilikuwa kuwahi, na akichelewa nusu sekunde tu, hakuwa na ya akiba.

Mtazame kwenye mikanda ya zamani. Winga anapopokea mpira, Lahm hamkabili kifua kwa kifua. Husimama upande, bega moja mbele, akimwachia njia ya kuelekea mstari wa pembeni. Winga akiifuata njia hiyo, mstari unamsaidia beki kukaba. Halafu Lahm anangoja. Mara winga anapousukuma mpira mbele kidogo kuliko alivyotaka, mguu wa Lahm unatangulia kuugusa. Kuteleza chini aliona ni hatua ya mwisho, kwa kuwa beki aliyelala kwenye nyasi hakabi mtu. Ndiyo maana, pamoja na kuichezea Bayern Munich peke yake mechi zaidi ya 500, hakuwahi kuoneshwa kadi nyekundu katika maisha yake yote ya soka la kulipwa.

Lahm alicheza pia beki ya kushoto, na huko alifika kwa sababu kulia kulikuwa kumejaa. Bayern walikuwa na Willy Sagnol kulia na Bixente Lizarazu kushoto, wakamtoa kwa mkopo Stuttgart mwaka 2003. Huko namba mbili, yaani beki ya kulia, ilikuwa ya Andreas Hinkel, basi kocha Felix Magath akampanga namba tatu, kushoto, yeye mtu wa mguu wa kulia. Mpango huo una faida yake: beki akikata kuingia ndani, goli linakuwa wazi kwa mguu wake wenye nguvu. Dunia iliiona faida hiyo tarehe 9 Juni 2006, dakika ya sita ya mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia dhidi ya Costa Rica. Akiwa na mkono uliofungwa kwa sababu ya jeraha, alimkata mtu mmoja, akaingia ndani na kuuzungusha mpira hadi pembe ya juu ya mbali. Lakini hasara nayo ipo. Mtu wa mguu wa kulia akiwa kushoto, mara nyingi husita kabla ya kutia krosi, na ule muda wa kusita unatosha mabeki wa upinzani kujipanga.

Kulia kulimfaa zaidi, hasa alipompata Arjen Robben mbele yake. Robben alipenda kukata ndani kwa mguu wa kushoto, na kila mtu alijua. Lahm alikuwa anapita nje yake kwa mbio, hata asipopewa mpira. Beki wa upinzani akabaki na mashaka: amfuate nani? Mwaka 2013 Bayern walibeba ubingwa wa Ujerumani, Kombe la Ujerumani na Ligi ya Mabingwa, Lahm akiwa nahodha.

Kisha akaja kocha Pep Guardiola, akamhamishia kiungo cha ulinzi na kumtaja kuwa huenda ndiye mchezaji mwenye akili kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Kocha wa Ujerumani, Joachim Löw, akaiga, akaanza Kombe la Dunia la 2014 Lahm akiwa katikati na mabeki wa kati wakiwa wamepangwa hadi pembeni. Timu ilikuwa nzito. Dhidi ya Algeria, Shkodran Mustafi aliumia, Lahm akarudi beki ya kulia, na tangu robo fainali dhidi ya Ufaransa hakuondolewa tena hapo. Katika zile 7-1 dhidi ya Brazil, krosi yake ndiyo iliyomfikia Toni Kroos kwa bao la tatu, na pasi yake ndiyo aliyoifunga André Schürrle kuwa la sita.

Siku tano baada ya kunyanyua kombe pale Maracanã alistaafu timu ya taifa, akiwa na miaka 30 na mechi 113. Bayern aliwachezea hadi Mei 2017, akatundika daluga huku mkataba ukiwa umebaki na mwaka mzima.

Ubishi wa nafasi yake halisi haujaisha. Mimi namweka namba mbili bila kusita: pembeni mstari ulikuwa unamlinda upande mmoja, akili yote akaielekeza upande wa pili, na mbele yake kulikuwa na nafasi ya kukimbia ambayo kiungo haipati. Guardiola, bila shaka, angebisha.