Namna ya Kuitambua Dhahabu katika Mawe ya Uani

Mwaka 1576 baharia wa Kiingereza, Martin Frobisher, alirejea London kutoka pwani ya kaskazini ya nchi iitwayo leo Kanada, akiwa na jiwe jeusi. Wapimaji kadhaa walilichunguza wakasema halina dhahabu. Mmoja, Mtaliana, alisema inayo, na ndiye aliyesadikiwa. Malkia Elizabeth wa Kwanza na matajiri wa mji walitoa fedha, safari mbili nyingine zikafanyika, na zaidi ya tani 1,000 za mawe zikavushwa bahari. Hayakuwa na thamani yoyote. Baadhi yake yalijengewa ukuta huko Dartford, karibu na London.

Tamaa ya namna hiyo haijafa. Huko Geita nchini Tanzania au Migori nchini Kenya, ambako dhahabu imo kweli ardhini, mtu anayechimba kisima au msingi wa nyumba akakuta jiwe lenye vimeta vya manjano, huenda akampigia simu ndugu yake aliye Muscat au London kumwomba mtaji. Kabla fedha hazijatumwa, jiwe lenyewe lapaswa kupimwa.

Kinachowadanganya wengi ni pairaiti, madini ya chuma na salfa, ambayo Waingereza huyaita dhahabu ya wajinga. Hung'aa kwa namna ya kuvutia mno, na mara nyingi huwa na pembe kali kama dadu. Dhahabu kwa kawaida huonekana kama punje au nyuzi zisizo na mpango, na rangi yake ni ileile juani na kivulini. Ulanga nao hudanganya, hasa katika mchanga wa mtoni, lakini ni mwepesi na hubanduka kama karatasi.

Jaribio rahisi ni la ncha ya sindano. Dhahabu ni laini: ikichomwa hubonyea, ikigongwa kwa nyundo hutandazika. Pairaiti ni ngumu kuliko kisu cha kawaida, na ikigongwa huvunjika ikawa unga. Vilevile, ikisuguliwa upande wa nyuma wa kigae, ule usiong'arishwa, dhahabu huacha mstari wa manjano. Pairaiti huacha mstari mweusi wenye kuelekea kijani. Kuna pia uzito. Dhahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji, pairaiti mara tano tu, ndiyo maana punje ya dhahabu hubaki chini ya karai wakati mchanga unapochukuliwa na maji.

Hata hivyo, majaribio hayo huhukumu kile tu kinachoonekana kwa macho. Dhahabu nyingi ya migodi mikubwa haionekani kabisa. Ni gramu chache katika tani nzima ya mwamba. Jiwe la kijivu lisilopendeza laweza kuwa bora kuliko lile linalometameta, na pairaiti yenyewe mara nyingine huandamana na dhahabu. Jawabu la hakika hutoka maabara, ambako jiwe husagwa na kuyeyushwa pamoja na risasi, kisha dhahabu iliyobaki hupimwa. Nchini Tanzania ipo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, mjini Dodoma. Inafaa kupeleka sampuli kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za shimo, kwani jiwe moja lililochaguliwa kwa uzuri wake halielezi chochote juu ya kiwanja kizima.

Lililo hatari ni kulichoma jiwe jikoni, au kukamatisha dhahabu kwa zebaki kama wafanyavyo baadhi ya wachimbaji wadogo. Mawe mengine yanayofanana na pairaiti yana aseniki, ambayo hutoka kama moshi wa sumu. Mvuke wa zebaki nao hudhuru ubongo na figo, na watoto ndio wanaoumia zaidi.

Na ikiwa dhahabu imo? Kumiliki kiwanja si kumiliki madini yaliyo chini yake. Kwa sheria za Tanzania na za Kenya, madini yamo mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, na mchimbaji lazima awe na leseni. Tangu mwaka 2019 Tanzania imekuwa na masoko rasmi ya madini, likiwemo la Geita, ambako dhahabu hupimwa na kuuzwa mbele ya maofisa wa serikali.