Makala yasiyo na moshi: kwa nini mbabula inaua ndani ya chumba

Usiku wa mvua, Bukavu ao Butembo, jamaa nyingi huingiza mbabula nyumbani ili kupata joto. Wengi wanaamini kwamba moshi ukiisha na makala yakibaki mekundu, hatari imekwisha. Sivyo. Gesi inayoua haina rangi wala harufu.

Sehemu kubwa ya makala ni kaboni. Atomu ya kaboni ina elektroni 4 upande wa inje, ya oksijeni ina 6, na kila moja hutulia ikifikisha 8. Ndiyo sababu zinashikamana: zinatumia elektroni kwa pamoja, na kushikamana huko kunatoa joto. Hewa ikitosha, kaboni moja hushikana na oksijeni mbili. Katikati ya makala mekundu, na zaidi chumba kikifungwa, oksijeni haitoshi. Kaboni nyingi hupata moja tu. Hiyo ndiyo monoksidi ya kaboni.

Mtu akiivuta, inaingia katika damu na kushika chuma cha hemoglobini, mahali ambapo oksijeni ingekaa. Inashika kwa nguvu kuliko oksijeni, zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu vinaanza, mwili unalegea. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka.

Dalili hizo zikionekana, toeni kila mtu inje haraka, kisha mumpeleke mgonjwa hospitali: oksijeni nyingi husukuma gesi hiyo itoke katika damu. Na kabla ya kulala, mbabula ibaki inje.