Panga Lipi la Kuchanjia Kuni?

Nyuma ya kila nyumba ya harusi huku kwetu pwani huwa pana rundo la kuni, na ubavuni mwake panga. Harufu ya biriani ikishapanda, nani humtazama anayechanja? Jamaa yetu mmoja alikuwa akichanja mvinje kwa ajili ya walima. Alipolinyanyua panga mara ya tatu, mpini ukabaki mkononi na chuma kikaruka, kikaangukia karibu na watoto waliokuwa wakimenya vitunguu. Alhamdulillah, hakikumgusa mtu. Tangu siku ile silinunui panga kwa kuvutiwa na mng'ao wake.

Mapanga mengi ya madukani ni ya kufyekea. Bapa lake ni jembamba, mgongo wake milimita 2 au 3, na wepesi huo ni neema kwa anayekata majani mchana kutwa. Likipigwa kwenye mvinje mkavu, hunasa, au huyumba na kuurudisha mtikisiko hadi kiwikoni. Afadhali lile lililopanuka kuelekea ncha: uzito wake u mbele, nao humsaidia mkataji. Wanepali wana kukri, fupi na lililopinda, ambalo mgongo wake ni mnene maradufu ya panga letu au zaidi. Kwa kuni za unene wa kifundo cha mkono, ningelichagua hilo, lau lingepatikana kirahisi.

Gogo, hata hivyo, ni kazi ya shoka. Shoka lina umbo la kabari, hupasua. Panga hukata tu.

Basi, mama, ukifika dukani ushike mpini uutikise. Tazama kama chuma kimepita ndani yake hadi mwisho na kimefungwa kwa ribiti zisizocheza. Mpini wa mti ulioanza kupasuka uache hapo hapo, hata ukipunguziwa bei.

Na nyumbani, kijiti kisishikiliwe na mtu mwingine. Yabane makali juu ya kichwa cha kijiti, uvinyanyue vyote viwili pamoja, kisha uviteremshe juu ya kigogo. Mkono wa pili uwe umeshaondoka. Makali yakififia, tupa yatosha.

Langu hulala juu ya kabati, limepakwa mafuta ya nazi dhidi ya kutu ya hewa ya bahari na kuviringishwa kipande cha leso kuukuu.