Rangi ya Sakafu Haichaguliwi Dukani

Kila unapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, nyumba nyingi za pwani huingia katika pilikapilika za matengenezo. Kuta hupakwa chokaa, mapazia hufuliwa, na mwenye uwezo humwita fundi amtengenezee ua. Nasi nyumbani kwetu Tanga, mwaka mmoja katika mwezi wa Rajabu, tuliazimia kutandika ua wetu vitofali vya saruji, vile ambavyo mafundi huviita pevingi. Tulipofika mahali vinapouzwa tulionyeshwa vyeusi vilivyokoza, vikimeremeta kwa maji viliyomwagiwa. Tukavipenda papo hapo. Hatukuuliza swali ila la bei.

Kazi ilipokamilika, kila mgeni aliisifu. Aliyeujua ukweli wake ni mama yetu mzazi. Yeye amezoea kutoka chumbani peku, akavuka ua kwenda kutawadha kwenye bomba la ukutani. Adhuhuri ya kwanza ya jua kali alipiga hatua tatu, akarudi. Wajukuu wakamkimbilia na kandambili: “Bibi, vaa hizi.” Akazivaa, lakini kandambili zilizolowa maji ni hatari kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu. Baada ya siku chache akawa anatawadhia ndani kwa beseni. Ramadhani ilipoingia, tukatandika mikeka uani kwa ajili ya futari, na chini bado kulikuwa na joto la mchana. Tulikuwa tumetumia fedha zetu kumfungia mama mlango.

Ndugu msomaji, tunalisimulia hili kwa sababu familia nyingi huchagua rangi ya sakafu kwa jicho peke yake, tena jicho la dukani. Sakafu hukanyagwa kabla ya kutazamwa. Rangi iliyokoza hunywa joto la jua na kulihifadhi hadi magharibi. Rangi nyeupe na zinazoikaribia hulirudisha. Aliyejaaliwa kufika Makka ameliona hilo kwa nyayo zake. Matafu ya Msikiti Mtukufu imetandikwa marumaru nyeupe iliyotoka kisiwa cha Thassos nchini Ugiriki, na mahujaji huizunguka Al-Kaaba bila viatu chini ya jua la Hijazi. Nyumbani hatuhitaji marumaru ya Ugiriki. Saruji yenye rangi ya mchanga, ya maziwa au ya kijivu hafifu yatosha. Weupe kamili nao una kasoro yake, kwani mwanga wake wa mchana huumiza macho.

Jambo la pili ni udongo wa mahali. Kwenye udongo mwekundu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Kilimanjaro na Iringa, sakafu nyeupe itamchosha mama wa nyumba kwa kupiga deki kutwa, ilhali nyekundu au ya kahawia huficha vumbi. Kwenye mchanga mweupe wa pwani hali ni kinyume chake. Wazee wetu waliopiga sakafu nyekundu ndani ya nyumba na kuing'arisha kwa nta hawakukosea: ndani hakuna jua, na wekundu ule hustahimili miaka mingi.

Siri ya ustahimilivu huo ni asili ya rangi yenyewe. Unga mwekundu, wa manjano, wa kahawia na mweusi utokanao na oksaidi ya chuma haufifishwi na jua wala haudhuriwi na ukali wa saruji. Masizi meusi ni rahisi kwa bei, lakini chembe zake ni laini mno na mvua huziondoa kidogo kidogo. Buluu inayodumu hutokana na madini ya kobalti na ni ghali. Baadhi ya buluu za bei nafuu huharibiwa na saruji yenyewe. Basi anayetaka buluu uani aulize kwanza imetokana na nini.

Kwa anayemwagiwa sakafu papo hapo, tahadhari ni katika vipimo. Unga wa rangi hupimwa kwa uzito wa saruji, si kwa koleo. Asilimia 5 ya mfuko wa kilo 50 ni kilo 2 na nusu. Kuzidisha sana juu ya hapo hakukozi rangi kwa kiasi cha maana, na kupita asilimia 10 hudhoofisha sakafu. Huo ni uharibifu wa mali, nasi tumekatazwa israfu. Unga uchanganywe na saruji ikiwa kavu mpaka rangi ilingane, na kipimo cha maji kisibadilike, kwani maji yakizidi rangi hupauka na sakafu hutoka na mabaka. Ukungu mweupe unaojitokeza baada ya wiki chache usiwatie hofu. Hiyo ni chokaa ya ndani ya saruji iliyopanda juu na kukutana na hewa, na mara nyingi huondoka yenyewe kwa mvua na kufagiliwa.

Ushauri wetu mkubwa ni huu: kabla ya kulipa, mwombeni fundi awatengenezee vipande vitatu vya rangi tofauti. Viacheni vikauke kabisa, kwa kuwa saruji mbichi huonekana imekoza kuliko itakavyokuwa. Viwekeni uani kwa wiki moja, mvitazame asubuhi na jioni, mvimwagie maji, kisha baada ya sala ya adhuhuri kila mmoja avikanyage peku. Mzee wa nyumba na mtoto mdogo wawe wa kwanza kuulizwa. Na penye kidaraja, ukingo wake upewe rangi iliyo mbali na ya ua, ili asiyeona vizuri ajue mahali pa kushusha mguu.

Sisi tulisahihisha kosa letu kwa gharama ndogo, kwa kuwa pevingi hulazwa juu ya mchanga na huweza kung'olewa. Tuliondoa nyeusi kutoka mlangoni mwa mama hadi kwenye bomba, pamoja na sehemu ya kulia futari, tukaweka za rangi ya mchanga. Zile nyeusi tulizihamishia langoni, kwenye kivuli cha mwembe. Mama hakusema neno juu ya rangi. Siku iliyofuata, adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa, tulimwona akitoka chumbani peku, akivuka ua taratibu kwenda kutawadha. Alhamdulillah.